Gogo la Benchi la Kwaya

Kijijini, karibu na Longisa
20 Aprili 1997

Kwa botum wangu Kipkosgei,

Huku wote ni wazima, hata yule ng'ombe wa mama aliyekupiga teke wakati wa Pasaka. Nadhani anakuulizia, maana siku hizi kila mgeni akipita anainua mguu.

Nakuandikia Kiswahili kama ulivyoagiza. Ulisema Vuguvugu la Mapambazuko linataka wanachama wake wote waandikiane kwa lugha ya taifa, mtu asije akadhani ni mambo ya kabila moja. Sawa, lakini naona haya kidogo. Sisi botum, wawili tuliotahiriwa asubuhi moja, tukakaa jando moja, tukala bakuli moja, leo tunaandikiana kama karani anavyomwandikia bosi wake DO!

Sasa nisikie. Tangu siku ile uliponipeleka mtoni, ukanishikisha udongo na kuniapisha, sipati usingizi mzuri. Usinielewe vibaya. Niliitika, na ukiniita tena nitaitika. Wewe unajua, botum wako akikuita unaitika kwanza, halafu ndipo unauliza unaitiwa nini. Basi mimi nimefika kwenye kuuliza. Ulisema tunaiondoa serikali hii na mkulima atapata sauti. Mimi nimeafiki. Kila siku nawapimia watu majani ya chai pale kituoni, naona lori likichelewa majani yanavyopata joto ndani ya magunia hadi yanageuka rangi, na hakuna wa kumlalamikia. Lakini kesho yake baada ya kiapo nilienda kazini, nikapima majani, nikarudi nyumbani, nikala ugali. Kesho kutwa vilevile. Mwanamapinduzi anatakiwa kufanya nini siku ya Jumanne?

Halafu unajua hapa kwetu palivyo. Kila mtu ana kadi ya chama tawala, mpaka marehemu. Ikisikika kwamba Kipruto wa Jerusa amejiunga na watu wa kuangusha serikali, watasema nimewauza watu wangu, na mama atasalimiwa na nani kanisani?

Kuna neno nilitaka kukuuliza pale mtoni nikalimeza. Ni lile ambalo mtu hamwulizi mwenzake waliyesimama naye mbele ya kisu. Hatukuulizana asubuhi ile ya Desemba themanini na nane, na tangu hapo hatujaulizana. Kwa hivyo liache lilale. Niambie tu nifanye nini.

Ni mimi wako,
Kipruto


Nairobi
6 Mei 1997

Komredi Kipruto,

Barua yako imefika, na nimeichoma baada ya kuisoma. Umeandika jina la Vuguvugu waziwazi! Umeandika kiapo, udongo, kuangusha serikali, yote, kwenye bahasha inayopita katika sanduku la posta la shule ya msingi, ambako mwalimu mkuu ndiye mwenye ufunguo. Unataka tufungwe kabla hatujaanza?

Kuanzia leo, ukitaka kutaja Vuguvugu andika "kwaya". Hakuna atakayeshuku kwaya.

Kuhusu maswali yako: kila mapambano yana wakati wa kungoja. Kazi yako kwa sasa ni kujiandaa. Jiandae kimwili na kiakili. Soma hali ya umma. Maagizo yatakuja kutoka juu wakati ukifika.

Nilifurahi ulivyoitika bila kusita. Wengine hapa walisita. Nikikukumbuka napata nguvu.

Mapambano yanaendelea,
Kipkosgei


Kijijini
25 Mei 1997

Kwa botum wangu,

Nimekusikia. Kwaya ni kwaya. Nami natuma salamu kwa wanakwaya wote, sauti ya kwanza hadi ya nne.

Nimejiandaa kimwili. Kila asubuhi kabla ya kazi nakimbia mpaka daraja la chini na kurudi. Nilidhani nitafanya kwa siri, lakini hapa kwetu mtu akikimbia anapata washauri. Mzee mmoja amenisahihisha mikono. Karani wa chifu amenisimamisha kuniambia wanatafuta kijana wa kukimbilia lokesheni mita elfu tano, na kwamba nisipovuta bangi nitafika Olimpiki. Nimekubali, ningesema nini?

Kujiandaa kiakili kumenishinda. Ulisema nisome hali ya umma. Basi nikakaa pale kituoni nikiisoma. Umma ulikuwa ni mama yangu, mama wengine kama kumi na tano, na Oyugi dereva wa lori la majani, ambaye unamkumbuka, yule mtu wa kabila jingine, wa kutoka ziwani, anayekaa nyuma ya kituo na mke wake Wilkista na watoto watatu. Umma ulikuwa unamcheka Oyugi kwa sababu amejifunza kusema "chamgei" na sasa anamsalimia kila mtu hivyo, hata mbuzi. Wilkista aliniletea omena, wale dagaa wa kwao, wa kukaanga kwenye karatasi. Sikuona pa kuanzia. Nimwambie Wilkista kwamba wakati umefika? Angeniuliza wakati wa nini, nami sijui.

Usiku nawaza kwamba wewe huko unafanya mambo makubwa, mimi huku nakula omena. Nahisi kama nimepanda gari ambalo halijawekwa kibao cha linakokwenda. Nisaidie, botum. Hata kazi ndogo.

Mama anauliza ni kwaya ya kanisa gani.

Kipruto


Nairobi
24 Juni 1997

Komredi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kwaya ina mazoezi mengi. Siwezi kuandika zaidi.

Maagizo yanakuja. Kaa imara kama ulivyo, nasi tunakutegemea. Mwambie mama ni kwaya ya vijana, ya madhehebu yote.

Kipkosgei


Kijijini
12 Julai 1997

Kipkosgei, uko hai?

Tulisikia kwenye redio ya dukani maandamano ya Saba Saba ya kudai katiba mpya huko Nairobi, mabomu ya machozi hadi ndani ya kanisa, watu wamepigwa na wengine wamekufa. Tangu Jumatatu ile kila jioni niko kwenye redio hiyo. Nimeenda shuleni kila siku kuangalia sanduku mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama nangoja kuajiriwa. Najua ulikuwa pale. Najua ulikuwa mbele, kwa sababu hata mwaka ule wewe ndiye ulisimama wa kwanza kwenye mstari, mimi nikasimama wa pili nikiangalia mgongo wako.

Sasa mimi nimechoka kungoja. Wewe unapigwa, mimi nakimbilia lokesheni. Vijana watano wa rika letu nimewaambia kidogo, si yote, nao wako tayari kwa lolote, maana hawana kazi nyingine. Wananiuliza kila jioni, "Kipruto, tunafanya nini?" nami nawaambia maagizo yanakuja, kama wewe. Wameanza kunitazama vile watu wanavyomtazama karani wa mizani akisema lori liko njiani.

Niambie cha kufanya, nitakifanya. Ukinyamaza tena nitajua umeniona sifai.

Kipruto


Nairobi
27 Julai 1997

Komredi Kipruto,

Niko hai. Usijali mwandiko, naandika nikiwa nimelala kwa sababu ya homa kidogo.

Maagizo yamefika. Yasome mara moja kisha uyachome.

Jumanne tarehe 19 Agosti, alfajiri, wewe na vijana wako mtaweka gogo barabarani kwenye ile kona iliyo kabla ya kituo. Lori la majani likija mtalisimamisha. Dereva asiguswe. Wakulima wakifika na magunia yao, wewe utapanda juu ya mizani na kuwaeleza kwamba hakuna jani litakalotoka hadi katiba ibadilishwe na mkulima alipwe haki yake. Siku hiyohiyo matawi mengine nchini yatafanya vivyo hivyo. Hamtakuwa peke yenu.

Ndiyo kazi uliyoiomba. Najua hutatetereka.

Kipkosgei


Nyumbani
5 Agosti 1997

Kwa mwanangu Kipkosgei,

Ni mimi Jerusa, mama Kipruto. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, ngumbaru haikuwa bure. Wenzangu walikuwa wanaenda kupiga hadithi, mimi nilienda kusoma. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndicho tulifundishwa kuandika, Kipsigis najua kuisema tu. Mahali nimekosea utarekebisha, wewe ni wa yunivasiti. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha yako, na barua hii nimempa mtu wa kufika Bomet mjini, kwa sababu shule imefungwa na mwalimu mkuu amekwenda kwao na ufunguo wa sanduku.

Nataka uniambie hii kwaya ni ya nini.

Mimi nilimzaa Kipruto. Hajaimba tangu azaliwe. Kwenye harusi ya dada yake alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Leo ana kwaya, na wanakwaya ni wale vijana watano wanaoshinda wakicheza drafti nyuma ya kituo, na mazoezi wanafanya kwa kunong'ona. Juzi ameukata mkaratusi wangu, ule mkubwa wa pembeni. Nilipomwuliza akasema gogo ni la benchi la kwaya. Hiyo benchi itakaliwa na nani, tembo?

Hali chakula changu. Anakimbia asubuhi kama mtu anayefukuzwa. Nilimwuliza, "Kipruto, uko na shida gani?" akasema, "Niko sawa, mama," akatoka akakimbia tena.

Sasa sikia jambo linalonifanya nikuandikie. Wilkista mke wa Oyugi alikuja jikoni kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama Kipruto, hawa vijana wenu wanakutana kila jioni, ni nini?" Nikasema ni kwaya. Akageuka akaenda. Kesho yake nilipita kwake nikaona godoro limefungwa kwa kamba liko mlangoni, na watoto wanalala na viatu. Unakumbuka nyumba yao ya kwanza ilichomwa tisini na mbili, kwenye vita vya makabila. Wakati ule pia ilianza na vijana kukutana jioni, na mama zao wakiulizwa walisema ni mchezo. Mwaka huu ni wa kura. Mimi najua mtoto wangu hawezi kumchoma mtu. Wilkista atajuaje?

Wewe ni botum wake. Kile kitu umemwambia, hawezi kukiacha peke yake, nawajua. Mlipotoka jandoni mlikuwa mmefundishwa mambo ambayo mimi mwanamke sitakiwi kuyajua, lakini hili moja nimeliona kwa macho: hamwulizani. Mmoja akienda mwingine anafuata, hata wote wawili wawe wanaelekea shimoni. Mimi sikuwa jandoni, kwa hivyo nitauliza.

Kipkosgei mwanangu, unaogopa?

Nijibu. Maziwa yako ya mursik nimeyaweka.

Mama yenu,
Jerusa


Nairobi
15 Agosti 1997

Kipruto, botum wangu,

Acha. Usiweke gogo. Usimsimamishe Oyugi. Hakuna maagizo.

Nayasema hayo kwanza ili hata ukiishia hapo kusoma, yatoshe. Sasa nikueleze yote.

Kwaya haipo tena. Tulikuwa watu tisa katika chumba kimoja, na mikutano mitatu mizima tulibishana kama tujiite Vuguvugu au Harakati. Mwezi wa tano yule aliyekuwa akituongoza alihama nyumba bila kumwambia mtu, wengine wakaacha kuja mmojammoja. Mwezi wa sita nilipokuandikia kwamba tuna mazoezi mengi, nilikuwa nimeketi peke yangu chumbani na mlango nimeufunga kwa ufunguo. Hakuna "juu" ambako maagizo yanatoka. Hakuna matawi mengine.

Saba Saba sikuwa mbele. Mambo waliyoyadai watu siku ile ni ya haki, na wapo waliosimama hadi mwisho, lakini mimi sikusimama. Bomu la kwanza lilipolia nilikimbia, nikaanguka kwenye mtaro, na mguu ukavunjika mahali pawili. Nimelala kwa binamu yangu tangu siku hiyo na plasta hadi juu ya goti, ndiyo maana sikuja mwenyewe badala ya kuandika. Sina homa.

Ile barua yako ikafika ukiniambia unajua nilikuwa mbele. Ukaniambia nikinyamaza utajua nimekuona hufai. Nikakaa hapa kitandani nikiwaza ni kitu gani huko kwetu kinaweza kusimamishwa, nikakumbuka lori la majani. Ile kona, gogo, mizani, yote niliyatunga mimi. Nilitaka uwe na kazi. Nilitaka uendelee kuniona vile unavyoniona.

Unajua kwa nini nilikuja Pasaka? Nilikuwa nimeapishwa mwezi mmoja kabla, na sikujua nitajitoa vipi. Nilijua nikikueleza utacheka na kusema, "Kipkosgei, wacha upuuzi huo." Hapo ningerudi Nairobi niwaambie botum wangu amekataa, nami siendi mahali hajakubali. Nilikuleta mtoni unikataze, Kipruto. Wewe ukaitika kabla sijamaliza kusema.

Mama yako ameniandikia. Ameniuliza swali ambalo sisi hatuulizani, na amenieleza habari za Wilkista na godoro. Nilipotunga yale maagizo niliona wakulima, niliona lori. Sikuona kwamba vijana sita wa Kipsigis wakiwa gizani na gogo, na mtu wa ziwa kwenye usukani, kwa macho ya Wilkista wana jina moja tu, la wachoma nyumba. Nilisoma vitabu vyote vile na hilo sikuliona.

Binamu anakimbiza barua hii posta sasa hivi, na atakutumia telegramu pia. Mungu asaidie sanduku lifunguliwe.

Kipkosgei


Kijijini
24 Agosti 1997

Kipkosgei,

Barua yako na telegramu nilipewa jana Jumamosi, mwalimu mkuu aliporudi na ufunguo. Nimezisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye ukuta wa shule. Jumanne ilikuwa imeshapita.

Nikueleze ilivyokuwa.

Tulitoka saa kumi na moja, ukungu umelala juu ya chai. Tulibeba gogo sote sita, tukaliweka kwenye kona. Mmoja alikuwa na panga, la kukatia matawi tu, lakini lilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa nimekariri hotuba wiki nzima. Niliisema kwa ng'ombe mara nyingi.

Lori likaja. Taa zikatupiga usoni, likasimama. Oyugi hakupiga honi. Alizima injini, akafungua mlango, akashuka pole pole mikono yote miwili ikiwa juu.

Akasema, "Chukueni lori. Funguo iko hapo ndani. Mimi niachilieni tu nifike kwa watoto."

Nikasema, "Oyugi, ni mimi. Ni Kipruto."

Akasema, "Najua ni wewe. Hata tisini na mbili niliwajua."

Hotuba ilipotelea wapi sijui. Nilitazama mikono yake ile juu, mikono ya mtu anayemsalimia kila mbuzi, kwenye mwanga wa taa. Nikatazama wenzangu, wote wananitazama mimi. Na nikasikia mdomo wangu ukisema mbele yao, mbele ya watu wa rika langu, neno ambalo sijawahi kulisema hata usiku ule wa kabla ya kisu. Nilisema, "Oyugi, mimi naogopa."

Akashusha mkono mmoja. Akauliza, "Unaogopa nini, na gogo ni lako?"

Nikamwambia tulitaka kuzungumza habari ya bei ya majani na katiba. Alilitazama panga. Baadaye akasema, "Bei ya majani mnaniuliza mimi dereva, saa kumi na moja, na panga?" Yule mwenzetu akalitupa panga kwenye mashamba ya chai, mpaka leo hatujalipata. Tukainua gogo, na lilipokataa kupinduka Oyugi mwenyewe akaja akashika upande mmoja, maana alikuwa na haraka ya kufika nyumbani kuliko sisi sote.

Lakini hakufika kwa wakati. Wilkista alikuwa amesikia injini ikizimwa pale konani, mahali isipozimwa kamwe. Hakungoja kuuliza. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi, chai ya watoto kwenye vikombe bado ina moshi, na yeye amekwisha kukatiza shambani na watoto watatu na lile godoro. Kufika saa nne habari zilikuwa zimeenea hadi Bomet kwamba vita vimeanza tena kwetu. Familia nne nyingine zililala kanisani usiku ule. Nne, Kipkosgei, kwa sababu ya benchi la kwaya.

Mimi na mama tumezunguka nyumba kwa nyumba. Mama alibeba kibuyu cha mursik, mimi nilibeba aibu. Nilisema gogo ni langu, nilisema na kwa nini. Vijana wote watano walikuja nyuma yangu, hakuna aliyetoroka. Chifu ameniita, nami nimekwenda, na nitaitwa tena. Wazee wamenisema mpaka jua likatua. Hilo la kusemwa nimelivumilia. Familia nne zimerudi kwao.

Wilkista yuko kwao ziwani. Oyugi anakuja kazini, anapakia, anaondoka. Juzi nilimfuata nikamwomba msamaha mara ya tatu. Akaniambia, "Kipruto, mimi nimesikia. Lakini aliyefunga godoro si mimi. Atakuja Jumamosi tarehe sita kuchukua vitu vya shule vya watoto. Mwambie yeye, na mwenye mpango aje aseme na mdomo wake."

Sasa kuhusu barua yako. Nilipofika pale uliposema ulinileta mtoni nikukataze, nilikaa chini kwenye nyasi. Nataka na mimi ujue. Pale mtoni, ulipoanza kusema, nilitamani kugeuka nirudi nyumbani. Niliitika haraka hivyo ili usione. Nilidhani ukiniona nikisita utaniona nimekuwa mwoga, na utaenda peke yako, na ukifa huko nitakaa vipi na mama yako? Kumbe kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake shati, kila mmoja anadhani anavutwa.

Bado naamini majani yetu hayafai kuoza. Hilo halijaondoka. Mama na wenzake wameomba mkutano na watu wa kiwanda, mchana, pale kituoni, na Oyugi wamemwomba aje aseme kwa nini lori linachelewa. Sijui kama itasaidia. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma. Hao wanawake hawahitaji maagizo.

Kuna mtu amekuuliza swali na wewe ulinieleza mambo mengi sana, mguu, mtaro, chumba, lakini swali lenyewe hukulijibu. Mama amesoma barua yako akaniambia hivyo hivyo, "Ameandika kurasa nne, hajanijibu." Basi nauliza mimi, ingawa hatuulizani.

Botum, uliogopa?

Kipruto


Nairobi
1 Septemba 1997

Kipruto,

Niliogopa. Niliogopa Saba Saba, niliogopa mtoni, na asubuhi ile ya Desemba nilisimama wa kwanza kwenye mstari kwa sababu niliogopa kuona vile wewe utakavyofanywa kabla yangu. Mwambie mama amejibiwa.

Plasta bado iko, lakini binamu amenipatia magongo. Nafika Jumamosi tarehe sita na basi la asubuhi. Usije stendi. Nisubiri mlangoni kwa Oyugi, na Wilkista akitufungulia, simama karibu nami, maana hapo pia naogopa.

Kipkosgei